Breki za waya zikisumbua: baiskeli na handbreki ya gari, dalili kwa dalili

Malalamiko ya breki za waya ni machache na yanajirudia: mkono wa breki unagonga usukani, breki ni nzito, raba inabana upande mmoja, handbreki inapanda mpaka juu na gari bado linateleza. Kwa yote hayo watu wengi wana dawa moja tu, kukaza waya. Kazi nyingi nilizoshika hazikuwa za waya kuharibika, zilikuwa za waya uliokazwa mahali ambapo haukuwa na kosa.

Waya ukishakaa, hurefuka taratibu mno. Ukilegea ndani ya wiki moja au mwezi, kuna kitu kingine kilicholika, kilichoteleza au kilichoanza kukatika. Ukikaza kabla ya kukitafuta, umekifunika tu.

Jambo moja la kutenganisha mapema: breki ya mguu ya gari la leo haivutwi na waya. Zamani ilikuwa hivyo, na Ford ilishikilia vyuma na waya hadi magari yake ya 1939 yalipoanza kutumia breki za mafuta. Kwa hiyo pedeli ikiwa laini, ikizama polepole, au ikihitaji kupigwa mara mbili ndipo ishike, usitafute waya wowote. Huo ni uvujaji, hewa kwenye mabomba, au breki shu (vipande vinavyobana gurudumu kwa ndani) zilizo mbali na dramu (ngoma ya chuma inayozunguka na gurudumu). Usiliendeshe gari hilo, mwite fundi. Waya wa breki kwenye gari ni wa handbreki peke yake.

BAISKELI

Kabla ya yote, tenganisha mambo matatu: mkono, waya na breki yenyewe. Fungua waya kwenye breki, kisha jaribu kila kimoja peke yake. Mkono ucheze bila kukwaruza. Waya uteleze ndani ya kava ukiuvuta kwa vidole viwili. Mabawa yanayobeba raba yasukumike kwa mkono na yarudi yenyewe kwa springi. Kinachokataa ndicho kibovu. Jaribio hili linachukua dakika mbili na limeniokoa na kununua vitu visivyohitajika mara nyingi kuliko kifaa chochote nilicho nacho.

Mkono unafika hadi kwenye usukani

Sababu ya kwanza, na inaacha nyingine zote mbali sana, ni raba zilizokwisha. Tazama mifereji iliyochongwa kwenye uso wa raba. Ikiwa imefutika, badilisha raba, usiguse waya. Hapohapo tazama na ringi. Ukipitisha kidole kwenye ukuta wake ukahisi bonde, ringi imeliwa na raba kwa miaka mingi, na ukuta mwembamba unaweza kupasuka kwa presha ya tairi. Hiyo si kazi ya ajasta (skrubu yenye tundu ya kukazia au kulegezea waya), ni ringi mpya.

Raba zikiwa nzima, angalia bolti inayobana waya. Weka alama ya kalamu kwenye waya pale unapoingia chini ya bolti, kisha bana mkono kwa nguvu mara kumi. Alama ikisogea, waya unateleza. Kaza bolti, breki nyingi za V (zenye mabawa mawili marefu, moja kila upande wa tairi) zinahitaji nyutoni-mita 6 hadi 8, yaani kukaza kwa nguvu kwa spana fupi bila kuning'inia juu yake. Kama waya umeshabapa na nyuzi zimefumuka hapo, usikaze juu ya jeraha. Badilisha.

Ya tatu ni kava kutokukaa vizuri kwenye vikalio vyake. Mtu mwingine abane breki huku wewe ukitazama kila mwisho wa kava: ukiona kava inajikunja, inazama au inachomoka kidogo, hapo ndipo mvuto unapopotelea. Waya unavuta, kava inasukuma, na kava ikikosa msimamo mkono utatembea bure.

Hapo kuna kosa moja la hatari: kava ya gia kuwekwa kwenye breki. Kava ya gia kwa kawaida ina unene wa milimita 4 na nyuzi zake zimelazwa wima. Ya breki ni milimita 5 na chuma chake kimezungushwa kama springi. Kwa macho ya haraka zinafanana. Ila kava ya gia haikutengenezwa kubeba nguvu ya breki, na ukibana kwa ghafla inaweza kupasuka ubavuni ukabaki huna kitu mkononi. Ukiikuta, iondoe siku hiyohiyo.

Ya mwisho ni mkono usioendana na breki. Breki za V zinataka mkono unaovuta waya mwingi. Breki za koleo za baiskeli za mbio zinataka mkono unaovuta mfupi. Ukichanganya upande mmoja, mkono unakuwa laini na unagonga usukani hata raba zikiwa mpya. Ukichanganya kinyume chake, mkono unakuwa mgumu kama ubao na baiskeli haisimami. Hapa hakuna marekebisho ya waya yatakayosaidia.

Ukishapita yote hayo na kila kitu kiko sawa, sasa shika ajasta. Legeza nati ya kufunga, zungusha ajasta kwenda nje nusu mzunguko kwa nusu mzunguko, jaribu, kisha funga nati. Raba zikae kama milimita 1 hadi 2 kutoka kwenye ringi. Ajasta ikishatoka nje sana, nyuzi zake zilizobaki ndani hazitoshi kuibeba: irudishe ndani yote, ibakize mizunguko miwili, halafu vuta waya kwenye bolti.

Breki za diski za waya zina hila yake. Pedi zikilika, watu huendelea kukaza waya, na kile kijiko kinachovutwa kwenye kalipa (sehemu inayobana diski) kinabaki kimeinuka nusu safari kabla hujabana. Breki inashika vibaya ingawa mkono ni mgumu. Sogeza pedi kwa skrubu zake kwenye kalipa kwanza, kijiko kikiwa kimerudi mahali pake pa kupumzikia, waya ufuate baadaye. Na usiguse diski kwa vidole vyenye grisi.

Breki ni nzito, au mkono haurudi

Niliwahi kuletewa baiskeli iliyobadilishwa waya mara tatu ndani ya muda mfupi, na kila mara breki ikarudi kuwa nzito. Waya ulikuwa mzuri. Nilichomoa kava nikatazama mdomo wake: ilikuwa imekatwa kwa plaiza butu, mwisho umebinywa mpaka tundu likawa kama jicho lililofumbwa, na ncha moja ya chuma imegeukia ndani. Kila breki ilipobanwa, ncha ile ilikuwa inaukwangua waya. Ukiuchomoa waya uliona mstari unaong'aa urefu wa kucha, mahali pamoja, kama umepigwa tupa. Nilikata sentimita moja ya kava, nikaisawazisha kwa tupa, nikapanua tundu la plastiki kwa msumari uliochongoka, na breki ikawa nyepesi kwa waya uleule.

Kwa hiyo midomo ya kava kwanza. Baadaye kona: kava ndefu mno inazunguka mzunguko mkubwa usio na maana, na fupi mno inajikunja kwa kasi pale inapoingia kwenye breki. Geuza usukani mpaka mwisho kulia na kushoto. Ikivutika au ikikunjika, urefu si sahihi.

Kisha kutu na uchafu. Kava za siku hizi nyingi zina bomba la plastiki ndani na hazihitaji zaidi ya tone la oili nyepesi. Grisi nzito huko ndani hukusanya vumbi na baada ya muda inakuwa gundi. Waya ukitoka na unga wa kahawia, badilisha waya na kava pamoja. Waya mpya kwenye kava yenye kutu ni pesa iliyotupwa.

Kwenye breki za V usisahau kile kibomba kilichopinda kinachopitisha waya juu ya tairi. Kiko wazi kwa maji na tope, na watu hubadilisha vyote wakakiacha. Kikinata, mkono unabanika vizuri lakini haurudi.

Kama jaribio la kutenganisha lilionyesha kwamba mabawa yenyewe ndiyo hayarudi, fungua bolti zake, futa kutu kwenye vigingi ambavyo mabawa huzungukia, paka grisi kidogo, rudisha. Kigingi kikiwa kimepinda au kimevimba, na ukaona kimeunganishwa na fremu, simama hapo. Kuchomea au kunyoosha kigingi cha fremu si kazi ya kujifunzia.

Raba moja inagusa ringi, nyingine iko mbali

Wengi hukimbilia springi. Anza na gurudumu: legeza ekseli, lisukume mpaka likae sawasawa kwenye fremu, kaza tena. Nusu ya visa nilivyoona vinaishia hapo. Kisha zungusha gurudumu polepole ukitazama raba. Ikigusa sehemu moja tu ya mzunguko, ringi imepinda na inahitaji spoku kurekebishwa. Ikigusa mzunguko mzima, sasa ni zamu ya skrubu ndogo ubavuni mwa kila bawa. Kaza skrubu ya upande unaogusa robo mzunguko, bana breki mara kadhaa, tazama tena. Mwendo ni robo robo.

Breki inalia

Hiyo karibu kila mara si waya. Safisha ringi na raba, halafu weka raba ili ncha ya mbele iguse kidogo kabla ya ncha ya nyuma.

Nyuzi zimeanza kukatika

Hapa hakuna mjadala. Uzi mmoja ukikatika, mzigo wake unahamia kwa uliobaki, na sehemu inayokatika mara nyingi ni pale usipoona: karibu na kichwa cha waya ndani ya mkono, ambapo waya hujipinda kila unapobana. Bana mkono, tazama ndani kwa tochi, pitisha kidole taratibu. Kikichomwa, waya umeanza safari. Usifunge fundo, usiunge vipande viwili, usiazime waya wa gia; wa gia una milimita 1.1 au 1.2, wa breki una 1.5 au 1.6, na vichwa vyake si sawa.

Kubadilisha si kugumu. Chukua waya mpya wenye kichwa kinacholingana na mkono wako: cha mviringo kama pipa kwa usukani ulionyooka, chenye umbo la pea kwa usukani uliopinda wa mbio. Kata kava kwa kikatio kikali, sawazisha midomo, vika kofia kila mwisho unaoingia kwenye kikalio. Kava ya zamani ni kipimo kizuri kama tu ilikuwa na urefu sahihi.

Ingiza ajasta ndani yote kisha irudishe mizunguko miwili. Panga mifereji ya ajasta, nati yake na mkono iwe mstari mmoja, weka kichwa cha waya kwenye tundu lake, pitisha waya kwenye kava. Unapaswa kupita karibu kwa uzito wake. Ukikwama, usiusukume kwa nguvu maana utafumua nyuzi. Toa, angalia mdomo wa kava. Bana raba kwenye ringi kwa mkono mmoja, vuta waya kwa plaiza kwa mwingine, kaza bolti. Sasa bana mkono kwa nguvu zako zote mara kumi na tano. Utaona mkono umelegea kidogo: kava na vichwa vimekaa mahali pake. Vuta tena, kaza tena. Kata waya uache sentimita 3 hadi 5, vika kofia ubane. Huna kofia? Tone la gundi kali kabla ya kukata linashika nyuzi.

HANDBREKI YA GARI

Huku usalama unakuja kabla ya spana. Sakafu ngumu iliyonyooka, kabari kwenye magurudumu ya mbele, gia ya kwanza au P kwa gari la otomatiki mpaka utakapohitaji kuzungusha gurudumu, na gari likalie stendi. Jeki ni ya kuinulia tu, si ya kulalia chini yake. Vumbi la breki usilipulize kwa hewa wala mdomo. Breki shu za zamani zilitengenezwa kwa asbesto. Lifute kwa kitambaa chenye maji. Kama huna stendi, usianze.

Handbreki inapanda juu sana

Magari mengi hushika kati ya jino la 4 na la 8 hivi (kila mlio handbreki ikipanda ni jino moja). Kitabu cha gari kinasema idadi kamili. Ikifika 10 au 12, mkono wako unakwenda kwenye nati ya kukazia waya. Usiiguse kwanza.

Sababu ya kawaida ni breki shu za nyuma zilizolika, au ajasta ya ndani ya dramu iliyoganda. Fungua dramu, pima shu, safisha ajasta, panua shu mpaka dramu iingie kwa kukwaruza kidogo sana. Rudisha, kanyaga breki ya mguu mara nyingi, kisha hesabu meno. Mara nyingi sana handbreki imerudi mahali pake na hujagusa waya.

Hii ndiyo sehemu inayofichika. Ndani ya dramu kuna kijiti kinachovutwa na waya wa handbreki, na kinapaswa kurudi mpaka kwenye kikomo chake ukishusha handbreki. Ukikaza waya ili kufidia shu zilizolika, kijiti hakirudi tena mpaka mwisho. Ajasta ya ndani inategemea safari hiyo kufanya kazi, kwa hiyo inaacha kufanya kazi. Shu zinaendelea kulika bila kufuatwa, pedeli ya mguu inaanza kushuka chini, na wewe unakaza waya tena. Nimeona gari lililopita mzunguko huo mara mbili; handbreki yake ilishika jino la tatu, kila mtu akaisifu, huku breki ya mguu ikizidi kuwa mbovu. Kalipa za nyuma zenye kijiti cha handbreki zina tatizo hilohilo: kijiti kisipogusa kikomo chake, pistoni haijirekebishi vizuri.

Shu zikiwa nzuri na ajasta ikiwa huru, ndipo waya unapata lawama. Kaza nati kidogo kidogo, na uhakikishe kwamba handbreki ikiwa chini kabisa magurudumu yote mawili yanazunguka huru. Nati ikiwa imefika mwisho wa uzi wake na bado haitoshi, waya umekwisha.

Inapanda vizuri lakini gari linateleza

Inua nyuma, vuta handbreki jino kwa jino, zungusha kila gurudumu kwa mkono. Likishika moja na lingine linazunguka, waya wa upande huo umeganda ndani ya kava, au kile kipande kinachogawa mvuto kwa magurudumu mawili kimepinda au kimeshikwa na kutu. Yakilegea yote mawili, fungua dramu. Ukikuta shu zimelowa mafuta ya breki, silinda ya gurudumu inavuja. Zikilowa oili ya gia, sili ya ekseli imekufa. Katika hali zote mbili usizisugue kwa petroli ukazirudisha. Silinda inayovuja ni breki ya mguu, kwa hiyo gari lisitoke hapo mpaka fundi ameshughulikia.

Handbreki haiachii, gurudumu linapata moto

Dalili yake ni harufu kali baada ya safari fupi, gari zito kuondoka, na gurudumu moja la nyuma lenye moto kuliko jingine. Usimwage maji juu yake. Liache lipoe.

Kisha mtu ashushe handbreki huku wewe ukitazama waya chini ya gari. Ukibaki umelegea na kujikunja huku kijiti cha kwenye breki hakijarudi, tatizo liko kwenye breki. Ukibaki umekaza, umeganda kwenye kava. Tafuta mahali ambapo ngozi ya plastiki ya kava imechanika: maji huingilia hapo, kutu ikavimba ndani na kuubana waya. Kumwagia oili kunaweza kuulegeza kwa siku chache, na siku hizo chache ndizo zinazowadanganya watu. Waya wa hivyo hubadilishwa, na ukibadilisha wa kulia, wa kushoto una umri uleule.

Waya mpya upitishe njia ileile ya zamani, kwenye vishikizo vyake vyote, mbali na bomba la moshi na usiguse tairi. Vuta handbreki kwa nguvu mara kumi ili ukae, ndipo urekebishe.

Taa ya handbreki haizimi

Taa hiyo kwenye magari mengi huonya pia kwamba mafuta ya breki yamepungua. Angalia kopo la mafuta kabla ya kuchokonoa swichi. Yakiwa chini, pedi zimelika sana au kuna mahali yanavuja.

Handbreki ya kitufe

Kama gari lako linavuta handbreki kwa mota, usisukume pistoni za nyuma kwa nguvu wala kufungua mota kabla haijawekwa kwenye hali ya matengenezo. Unaweza kuvunja meno ya ndani, na kwenye magari mengi hali hiyo inahitaji kifaa cha uchunguzi. Mpelekee mwenye nacho.

Kujaribu baada ya kazi

Baiskeli: isukume ukitembea, bana breki ya mbele, gurudumu la nyuma linapaswa kuinuka. Bana ya nyuma, gurudumu liburuzike. Panda polepole mahali pasipo na magari, kisha baada ya siku chache za kuendesha rudi utazame bolti ya waya na alama yako ya kalamu.

Gari: kwenye mteremko mdogo, mguu juu ya pedeli, vuta handbreki, weka gia huru, achia pedeli taratibu. Likisogea, kanyaga. Lisiposogea, geuza gari lielekee upande wa pili na ujaribu tena, kwa sababu breki shu zinaweza kushika likielekea chini na kuachia likielekea juu. Halafu endesha kidogo, simama, na sogeza kiganja karibu na ringi za nyuma bila kuzigusa. Joto liwe sawa pande zote mbili.